Hesabu ya Haraka na Ufasaha wa Programu

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha utungaji wa programu katika shule za msingi na za sekondari kwa lugha ya Python. Uamuzi huo umewaachia walimu swali zito: je, mwanafunzi aanze kwa kupiga hesabu za papo hapo kwenye tarakilishi, au afundishwe kwanza miundo bora ya lugha yenyewe?

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1964, katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walibuni lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuitumia tarakilishi na kupata majibu upesi. Mwaka 1975 mtaalamu Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliishutumu vikali, akidai kuwa aliyeizoea karibu hafundishiki tena utungaji ulio bora.

Tuchukue mfano wa Kiptere, katika nchi ya majani chai ya Kericho. Tuseme mkulima amepeleka kituoni kilo 412 za majani mabichi kwa mwezi, bei ni shilingi 25 kwa kilo, naye anakatwa shilingi 1,800 za mbolea. Mwanawe akiiandika hesabu hiyo kwa mstari mmoja wa Python, jibu hutokea papo hapo: shilingi 8,500. Ameuliza, akajibiwa. Hakuhitaji nadharia yoyote.

Hata hivyo, mwezi ujao kilo na makato yatabadilika, na majirani nao watataka hesabu zao. Mstari ule hauelezi 25 ni nini wala 1,800 zimetoka wapi. Hapo ndipo ufasaha unapohitajika: kilo ziitwe kilo, makato yaitwe makato, na kanuni nzima ipewe jina ili imfae kila mkulima. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Programu iliyotungwa vyema ni daftari ambalo mtu mwingine aweza kulisoma na kulikosoa. Mkulima anayetilia shaka stakabadhi ya malipo yake hatosheki na jibu tu. Ataka kuonyeshwa lilivyopatikana.

Mwanaisimu haoni ajabu katika jambo hili. Mtoto huomba maji kabla ya kujua ngeli ya neno maji. Lakini asiyepiga hatua kutoka mazungumzo hadi maandishi hawezi kuandika mkataba wala kuusoma.

Hatari iliyopo ni kwamba shule zenye tarakilishi chache zitayafundisha haya ubaoni, wanafunzi wakariri istilahi za miundo ambayo hawajawahi kuihitaji. Heri mwalimu aanze na hesabu ya nyumbani kwao. Mwanafunzi akichoka kuiandika upya mara ya tatu, ndipo aonyeshwe namna ya kuipa jina. Wakati huo atauthamini ufasaha, kwa kuwa atakuwa ameijua kazi yake.