Msing'oe Madirisha Mazima

Nawaambia wenye nyumba wote wa Magu, kuanzia Kisesa hadi Kahangara: dirisha linalofunguka, linalofunga vizuri na ambalo wavu wake haujatoboka, halina kosa. Liacheni mahali lilipo. Siku hizi kila nikipita mjini naona shata za mninga zimerundikwa nje ya nyumba zikingoja kupasuliwa kuni, na pale ukutani zilipokuwa kimepachikwa kioo cheusi cha kusukuma chenye fremu ya alumini. Familia imelipa mamilioni. Ilichopata ni dirisha linalofunguka nusu. Nusu! Na majirani wanakuja kupongeza.

Sina ugomvi na alumini. Haiozi, mchwa hawaigusi, na mvua za huku ziwani haziivimbishi ikakataa kufunga. Anayejenga nyumba mpya na akachagua alumini kwa akili yake, mimi nipo naye. Aliyeliwa fremu na mchwa hadi inabonyea kwa kidole, naye abadilishe, hana namna. Ninachokipinga ni hii biashara ya kumfuata mtu kwake, kumwambia nyumba yake imepitwa na wakati, kisha kumvua madirisha yote kwa mkupuo, mazima na mabovu pamoja, kwa pesa ambayo hataipata tena maishani.

Tuanze na pesa hiyo. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani haikosi madirisha tisa au kumi. Tuseme fundi amekutajia laki tatu kwa yale makubwa ya futi tano kwa tano, na yale madogo ya choo na jiko akakupunguzia. Bado unazungumzia milioni mbili na ushee, na hapo hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Maana yake mtumishi huyo afanye kazi karibu miezi mitano bila kula, bila kulipa ada, bila kumtumia mama yake chochote, ndipo abadilishe madirisha. Mkulima wa dengu au pamba hata mshahara huo hana. Ana msimu mmoja, na msimu ukikataa hakuna wa kumlipa.

Wanaoniuma zaidi ni wastaafu. Hatujasahau vita ya kikokotoo. Kanuni za 2018 zilipotaka mstaafu apewe asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo, nchi nzima ilipiga kelele hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Watu walipigania kila asilimia ya pesa ile, na walikuwa na haki, kwa sababu ni jasho la maisha yao. Leo pesa hiyohiyo ikiingia tu benki, anatokea kijana mwenye futi kamba kiunoni na picha za madirisha kwenye simu, na mwalimu aliyehesabu chenji ya chumvi kwa miaka yote ya utumishi wake anatoa mamilioni bila kuandikiana hata mstari mmoja.

Nasema niliyoyaona. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, na nilikuwepo siku fremu ya chumba chake ilipong'olewa. Ilikuwa fremu ya kujengewa. Masikio yake ya chuma yalikuwa yamezama kwenye tofali tangu nyumba inainuliwa. Kijana akaweka tindo, akapiga nyundo, lipu ikashuka bamba zima hadi linta ikaonekana. Grili ilikuwa imefungwa kwenye fremu hiyohiyo, kwa hiyo nayo ikatoka. Hapo ndipo shangazi alipoambiwa kwamba atafutwe fundi wa kuchomelea, ambaye hakutajwa kabisa siku ya kupatana bei. Baada yake fundi lipu. Baada ya lipu, rangi, kwa sababu kiraka kipya kwenye ukuta wa zamani hakijifichi, na ukipaka ukuta mmoja zile kuta nyingine tatu zinaonekana chafu. Kila fundi alimsukumia mwenzake lawama, na kila mmoja alitaka kulipwa palepale.

Yule wa alumini alikuwa ameshachukua advansi ya zaidi ya nusu, akaaga kwamba anarudi keshokutwa. Kumbe alikuwa ameshika kazi nyingine Lamadi kwa advansi ya mtu mwingine, na vioo vya shangazi vilikuwa bado dukani Mwanza. Matundu tukayaziba kwa turubai na mashuka. Usiku mvua ikaja kutoka ziwani na upepo wake, turubai likang'oka, godoro likaloa. Mvua ilipokatika wakaja wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Wakafuata taa, wakajaa ndani hadi asubuhi tukawazoa kwa ufagio, na uji uliokuwa umefunikwa kwa kawa tukaumwaga. Mama wa umri ule, kwenye nyumba yake mwenyewe aliyoijenga kwa mshahara wa ualimu, analala amejifunika kanga usoni. Nikikumbuka, hasira inanipanda upya.

Na madirisha yalipofika, la sebuleni likakataa kuingia. Nyumba ile imekaa ukingoni mwa mbuga, kwenye udongo mweusi ambao mvua zikinyesha unavimba na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Kila mtu wa Magu anaujua udongo huo. Kuta zilizosimama juu yake zinacheza, na tundu la dirisha lililokuwa mraba siku ya kujenga, baada ya miaka limelala upande. Fremu ya mbao inavumilia: seremala anapitisha randa kidogo, shata inafunga, mambo yanaendelea. Alumini na kioo havipigwi randa. Fundi alipima upana, akapima kimo, akaandika kwenye kiganja. Hakupima pembe kwa pembe, kutoka kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto na kurudia upande wa pili, kazi ya dakika moja inayoonyesha kama tundu limepinda. Alipoona haliingii akachonga ukuta upande mmoja, na pengo la upande wa pili akalijaza silikoni. Masika ya kwanza tu reli ikabana. Kuifungua sasa kunahitaji watu wawili.

Haya, tuache ufundi mbovu. Tuseme kazi imefanywa vizuri, reli inateleza, silikoni imenyooka. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili likifunguliwa mpaka mwisho, kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Nafasi ya hewa ni nusu ya tundu, basi. Shata mbili za mbao zilikuwa zikifunguka zote mbili, tundu zima likapumua, na upepo wa Ghuba ya Speke ukapita sebuleni hadi jikoni bila kulipia LUKU. Umenunua nusu ya hewa uliyokuwa nayo. Halafu ukaweka kioo cha rangi ili wapita njia wasione ndani, na mchana wa jua kali unawasha taa na feni. Umeme ukikatika unahamia chini ya mwembe.

Uingereza waliwahi kutoza kodi ya madirisha kuanzia 1696. Watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ili kodi ipungue, na ilichukua hadi 1851 kufutwa, baada ya madaktari kusema wazi kwamba inawanyima watu mwanga na hewa na kuwaletea maradhi. Wale walilazimishwa na sheria. Sisi tunajiziba wenyewe na tunalipia.

Sasa nije kwenye wavu, maana hapa tunazungumzia maisha ya watoto. Kwenye madirisha mengi ya kusukuma wavu nao unateleza kwenye reli yake na unafunika upande mmoja tu. Ukiufungulia upande usio sahihi, mbu wana mlango. Kati ya fremu ya wavu na kioo kuna upenyo, na ule unyoya wa kuziba upenyo huo ndio wa kwanza kunyofoka. Mbu anayeeneza malaria anaingia usiku watu wakiwa wamelala; hahitaji zaidi ya upana wa kalamu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano na kukuta malaria kwa takriban 8 kati ya kila 100, na baadhi ya mikoa ya ukanda wetu wa ziwa ilikuwa juu zaidi ya hapo. Huku mtu kumpeleka mtoto hospitali usiku kwa bodaboda ni jambo la kila mwezi, halafu tunang'oa wavu uliopigiliwa vizuri kwenye fremu ya mbao kwa sababu haupendezi!

Na si imani yangu tu. Mwaka 1900 watafiti wawili, Sambon na Low, walikaa msimu wa malaria kwenye kibanda chenye nyavu katika nyanda za karibu na Roma, mahali palipokuwa pakiua watu. Walichofanya ni kujifungia ndani kabla jua halijazama, na malaria haikuwapata. Gambia, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu madirishani na milangoni na kuzibwa mwanya kati ya ukuta na paa ziliingiza mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wake wakapungukiwa damu kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka huohuo watafiti walichapisha walichokikuta Dar es Salaam: watu wanataka nyavu kwenye madirisha na wanajua zinazuia mbu, kinachowakwamisha ni gharama. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2021 linapendekeza kuweka nyavu kwenye nyumba za kuishi. Pesa iliyoondoka kwa madirisha kumi ya kusukuma ingevalisha wavu mpya kila tundu la nyumba, ikaziba mwanya kati ya ukuta na bati, ikaweka mlango wa wavu jikoni, ikabadilisha bawaba zilizolegea, na chenji ikabaki ya kununua mbegu.

Kwa hiyo fundi akija, mwenye nyumba asikimbilie kutoa hela. Azunguke naye dirisha kwa dirisha. Bovu liandikwe bovu, zima libaki. Kama ni lazima alumini, iwe ya kufungua kwa bawaba, tundu zima liwe wazi na wavu ulifunike lote. Mafundi wanaweza kuyatengeneza, wanayakwepa kwa kuwa ya kusukuma ni mepesi kwao. Karatasi iandikwe unene wa kioo kwa milimita, maana kioo cha nne na cha tano ukiviona kwa mbali havina tofauti, tofauti ni siku upepo unapopiga. Iandikwe nani anang'oa, nani anarudisha grili, nani anapiga lipu. Lisitoke dirisha la pili ukutani kabla la kwanza halijafungwa na kufunguka. Advansi iwe ya vifaa vinavyoonekana, na risiti ya vioo ije na jina la mwenye nyumba. Fundi mwaminifu hatakataa. Wapo wengi Magu, na hawa matapeli wanawaharibia jina na kazi.

Anayekula advansi na kuzima simu apelekwe Mahakama ya Mwanzo. Tumezoea kusema "mwachie Mungu", na kwa kusema hivyo tumemwachia tapeli aende kwa mjane wa mtaa wa pili. Mtendaji wa kata aandikishe mikataba hiyo ofisini kwake kama anavyoandikisha mauziano ya viwanja. VETA iwafundishe vijana wa alumini kupima tundu lililopinda na kufunga wavu usio na upenyo, na chuo kisimpe cheti asiyejua hayo mawili. Halmashauri ya Magu inayopitisha ramani na kutoa vibali vya ujenzi iulize swali moja juu ya kila chumba cha kulala: hewa inaingilia wapi, na mbu anazuiwa na nini? Ramani isiyojibu irudishwe.

Na mbunge wetu anakaa Dodoma kwenye Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kila mwaka. Asimame aiulize Wizara ya Afya kwa nini vyandarua vya kitandani vinagawiwa bure shuleni na kliniki, jambo jema kabisa, lakini mzazi anayetaka kumzuilia mbu mlangoni kabla hajafika kitandani anaachwa apambane peke yake na bei ya duka. Na akishauliza, asikubali kujibiwa kwamba Serikali imepokea wazo hilo na italifanyia kazi. Adai mwaka na kiasi cha fedha.