Kikohozi Kisicho na Jina

Wiki hii tumechagua kuzungumza juu ya kikohozi cha mtoto. Si kile kikali chenye homa, ambacho kila mzazi hukikimbiza hospitali, bali kile kinachokaa. Mtoto anakula, anacheza, anakwenda madrasa na kurudi, lakini kifua hakitulii. Chupa ya kwanza ya dawa imekwisha, ya pili imekwisha, daktari amemsikiliza kifua na kusema hasikii kitu, na usiku wa manane kikohozi kinarejea vilevile. Hapo ndipo kila ajaye kumjulia hali mtoto huwa na jina lake la ugonjwa, na mama huyapokea yote kwa sababu yeye mwenyewe hana.

Wenzetu wa Voi na Taita Taveta kwa jumla wana sababu ya kuliuliza suala hili zaidi ya wengine. Mji wa Voi umekaa tambarare, katika joto na vumbi jekundu, ubavuni mwa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ambako malori hayalali. Ukielekea Mwatate unakuta mashamba ya mkonge. Ukipanda Wundanyi umeingia katika baridi na ukungu, na jikoni kuni huwaka kutwa ndani ya chumba kilichofungwa ili watoto wapate joto. Mtoto aliyezaliwa Mwakingali akapelekwa kwa bibi yake milimani likizo ya Agosti hubadilishiwa hewa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Akirudi akikohoa, jamaa wa tambarare hulaumu baridi ya milimani, na jamaa wa milimani hulaumu vumbi la Voi. Pengine wote wana sehemu ya haki, na pengine hakuna aliye nayo.

Tuanze na la kututuliza. Mafua ya kawaida humwachia mtoto kikohozi kirefu kuliko tudhanivyo. Watafiti waliowafuatilia watoto wamekuta kwamba nusu yao hupona kikohozi baada ya siku 10 hivi, lakini huchukua hadi siku 25 ndipo tisa katika kila kumi wapone. Tena mtoto mdogo mwenye afya njema aweza kushikwa na mafua mara 6 hata 8 kwa mwaka, hasa anapoanza kuchanganyika na wenziwe chuoni na shuleni. Kwa hiyo kile ambacho mama anakiona ni kikohozi kimoja cha miezi mitatu, yamkini ni mafua matatu yaliyofuatana. Alama yake ni kwamba katikati huwapo siku safi, ambazo mtoto hulala usiku mzima. Kisicho na siku safi kikapita wiki 4, hicho ndicho madaktari hukiita cha kudumu, wala hakitazamwi tena kama mafua. Na huku kwetu ambako kifua kikuu kingalipo, suala la ugonjwa huo huulizwa mapema zaidi, kikohozi kikishapita wiki 2.

Sasa tuje kwenye majina. La kwanza litakalotajwa ni kilimi, ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita kimeo: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ukionacho mtoto akipanua kinywa. Husemwa kwamba kimerefuka, kinamtekenya koo, na dawa yake ni kukatwa. Mkataji huwa mtu wa heshima mtaani, kazi yake huichukua dakika chache, na mara nyingi kikohozi huisha baada ya wiki moja au mbili. Hatuwacheki wanaosadiki, maana wameona kwa macho yao. Lakini tuirejee ile hesabu ya siku 25. Mtoto hupelekwa kwa mkataji pale subira ya nyumba ilipokwisha, nayo aghalabu huisha wiki ya tatu. Katika wiki ya nne vikohozi vingi vingekwisha bila ya wembe wowote. Kilimi hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na siku.

Na gharama yake si ndogo. Kilimi hakikuumbwa bure. Husaidiana na kaakaa laini kuiziba njia ya pua tunapomeza na tunaposema. Kukikata kumewaletea watoto kuvuja damu kusikokoma, usaha na pepopunda, na wembe uliopita katika koo zaidi ya moja waweza kubeba virusi vya UKIMWI. Lakini madhara yanayotuhuzunisha zaidi hayaonekani kwa macho. Nyumba ikishakata kilimi huona imekwisha tibu. Mtoto mwenye kifua kikuu aliyekatwa kilimi angali na kifua kikuu, ila sasa ana na kidonda cha koo, na miezi miwili imepotea.

Wapo watakaosema ni jicho. Kumsomea mtoto ni ibada na ni faraja, nasi hatuna neno juu yake, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifundisha kwamba tutafute dawa, kwa hiyo kisomo na hospitali havigombani ila pale watu wanapovigombanisha. Asali vilevile, ambayo Qur'ani Tukufu imeitaja katika Surat An-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo, madaktari wa leo wanaikubali kutuliza kikohozi, kijiko kimoja kabla ya kulala. Ila mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mkubwa huzishinda na la mchanga haliwezi. (Na wale wanaomfanyia mtoto tahnik kwa asali, tende ipo, nayo ndiyo iliyopokewa katika sunna.)

Haki itendeke kwa pande zote, lakini. Majina ya pupa hayatoki kwa wazee pekee. Yako maduka ya dawa ambako mama husema "anakohoa" na kabla hajamaliza chupa iko juu ya meza. Dawa nyingi za maji za kikohozi hazijathibitika kukifupisha kikohozi cha mtoto, na zile za kulewesha zenye kodini hazimfai mtoto kamwe. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizopatikana Gambia, zikiwa zimechanganyika na kemikali zinazoharibu figo. Watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekwisha fariki. Nazo dawa za kuua vijidudu, mtoto akipewa mara ya tatu na ya nne bila ya mtu kuuliza suala jipya, ni kilimi kingine kinachokatwa, ijapokuwa mkataji amevaa koti jeupe.

Mwenye kujua habari za kikohozi kuliko wote ni mama, naye ndiye asiyeulizwa vya kutosha. Daktari humwona mtoto dakika kumi, tena mchana. Mama humwona usiku. Basi twende hospitali na ushahidi. Kikohozi huja mtoto akiwa usingizini, au akilala hunyamaza hadi asubuhi? Kikohozi cha mchana kutwa kisichojitokeza kabisa usingizini mara nyingine ni mazoea yaliyobaki baada ya ugonjwa, na hakitaki dawa ya kifua. Ni kikavu, au chenye makohozi yanayosikika yakigugumia? Hicho cha pili kikipita wiki 4 hakistahili kungojewa, hata mtoto akiwa mchangamfu. Je, huja kwa mfululizo hadi pumzi zikamwishia, akavuta hewa kwa mlio na kutapika? Huenda ni kifaduro, na hapo tutazame kama alimaliza chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wenye simu wakirekodi sauti ya kikohozi cha usiku kwa dakika moja watamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Suala jingine husahauliwa sana: kilianzaje? Kama kilianza ghafla, mtoto akila njugu au akichezea punje za mahindi, akapaliwa, uso ukamwiva, kisha akatulia, basi tuliseme jambo hilo hata kama lilitokea mwezi uliopita na hata kama alikuwa chini ya uangalizi wa yaya au wa shangazi. Njugu iliyoingia njia ya pumzi yaweza kukaa humo majuma mengi, ikimkohoza mtoto na kuleta homa ya mapafu upande mmoja kila mara. Haitoki kwa dawa yoyote. Hutolewa na daktari kwa kifaa maalumu. Tumwondolee lawama aliyekuwa naye siku ile, ili asiogope kusema.

Na kile kitabu cha kliniki, ambacho wengi wetu hukitupa kabatini chanjo zikiisha, tukitoe. Mstari wa uzito ni shahidi asiyesahau. Mtoto anayekohoa na uzito unapanda ametupa nafasi ya kupumua. Mtoto anayekohoa na uzito umesimama miezi miwili hatupi nafasi hiyo.

Hapo tunafika pazito. Mtoto mdogo hapati kifua kikuu kwa vumbi wala kwa baridi; hukipata kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mkubwa anayelala chini ya dari moja naye. Kwa hiyo mtoto akikohoa tuulize nani mwingine anakohoa. Katika kaunti hii suala hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa wako akina baba na kaka wanaochimba vito Kasigau na Kamtonga, wakivunja mawe ndani ya mashimo finyu. Vumbi la mawe hayo likikaa mapafuni kwa miaka humdhoofisha mtu na kumfanya mwepesi wa kushikwa na kifua kikuu. Baba akirudi na kikohozi chake, nyumba husema "ni vumbi la kazi", na huenda ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili humfikia mtoto anayelala kifuani pake.

Twajua aibu iliyofungamana na ugonjwa huu, na jinsi mke alivyo mgumu kumwambia mume, "Nawe twende ukapimwe." Pengine lisemwe na mama mkwe, au na kaka wa mume, kwa upole na faragha. Mtoto hawezi kutema makohozi ya kupimwa kama mkubwa, ndiyo maana ugonjwa wake hufichika. Lakini daktari ana njia nyingine, ikiwamo picha ya kifua, na Shirika la Afya Duniani limeidhinisha hata kupima choo cha mtoto. Dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iko pale pale mjini Voi. Wala si vile vidonge vya kusagwa kwa kijiko vilivyowatesa mama zetu: mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza nchi nzima dawa za kifua kikuu zilizotengenezewa watoto, zinazoyeyuka katika maji na zenye ladha ya matunda. Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa huweza kupewa kinga hata kabla hawajaanza kukohoa.

Pumu nayo ina aibu yake, hasa kwa mtoto wa kike. Kikohozi kikavu kinachozidi alfajiri, kinachokuja akikimbia au akicheka, na katika ukoo yumo mwenye pumu au ukurutu, kinafaa kupimwa kwa nia hiyo. Wapo wanaoikataa inhela wakidai kwamba mtoto ataizoea. Haizoelewi, humpelekea dawa kidogo mahali panapohitajika, badala ya dawa nyingi mwili mzima. Shida ya mtoto mdogo ni kuivuta kwa wakati. Hapo hutumiwa kibuyu cha plastiki kati ya inhela na kinywa, na anayeshindwa kukinunua asikate tamaa: madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako kwa kipimo cha inhela, huwafaa watoto sawa na kile cha dukani. Muuguzi aonyeshe namna ya kuitoboa, ili hewa isivuje.

Na iwe sababu imejulikana au haijajulikana, moshi upungue. Jiko la makaa litoke nje au karibu na dirisha lililo wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe kwa chandarua. Anayevuta sigara avutie mbali na nyumba. Chetezo pia. Twapenda harufu ya udi na ubani siku ya Ijumaa, lakini kifua kinachouma hakitofautishi moshi wa udi na moshi wa kuni. Nguo zifukizwe mtoto akiwa kwa jirani.

Mtoto akipumua kwa kasi, mbavu zikibonyea ndani, midomo ikigeuka rangi, akishindwa kunywa au kunyonya, au akikohoa damu, nauli isingoje ruhusa ya mtu aliye safarini. Baba anayefanya kazi mbali na aseme mapema, mbele ya jamaa, kwamba siku hiyo mama ana idhini yake.

Vyote hivi vikiisha kutazamwa, huenda daktari akasema bado haoni sababu. Jibu hilo huwaudhi wengi, wakaondoka kwenda kwa mwingine aliye mwepesi wa kutoa jina, wakaanza upya. Sisi twaliona ni jibu la mtu mkweli. Tumwombe tarehe ya kurudi, tuandike uzito wa siku hiyo, na tarehe ikifika turudi kwake yeye yule.