Mwanamke Akisema Hapumui, Mpimeni Moyo

Tumezoea kuwazika wanawake wetu kwa visingizio. Huyu alizidiwa na mawazo. Yule alitupiwa jini na mke mwenzie. Mwingine alikuwa mzima kabisa, ameanguka tu jikoni, kazi ya Mungu haina makosa. Tunaitikia amina, tunatawanyika, na hakuna anayeuliza marehemu alipimwa moyo lini. Mimi nauliza, tena kwa hasira, maana maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua wanawake duniani. Katika kila vifo 10 vya wanawake, zaidi ya 3 vinatokana nayo. Nasi bado tunaamini huu ni ugonjwa wa mabosi wenye vitambi.

Uongo huo haukuanzia vijiweni. Wataalamu wenyewe waliulea. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu aspirini na moyo, uliotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1989, ulihusisha madaktari 22,071, wote wanaume. Hakuwemo mwanamke hata wa dawa. Mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari bingwa wa moyo, aliandika wazi kwamba mwanamke hatibiwi ipasavyo mpaka athibitishe kuwa anaumwa kama mwanamume. Miaka imepita zaidi ya 30. Nendeni zahanati yoyote asubuhi mkaone kama kimebadilika kitu.

Mama wa makamo ameketi kwenye benchi na daftari lake la matibabu. Kifua kinambana, lakini kinachomsumbua zaidi ni kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu yanayopanda hadi kwenye taya na kushuka katikati ya mabega, na uchovu ambao hajawahi kuujua. Kubanwa kifua ni dalili kuu ya shambulio la moyo kwa wanaume na kwa wanawake pia, ila wanawake huja na hizi nyingine mara nyingi zaidi, nazo ndizo zinazompoteza tabibu. Anaulizwa kama ana mawazo nyumbani. Nani hana? Daftarini panaandikwa vidonda vya tumbo, anapewa omeprazo, anarudi kwake. Mgonjwa wa namna hii anatakiwa apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Yeye amepewa dawa ya gesi!

Kinachonichoma zaidi ni wazazi wetu vijana. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaomvamia mwanamke mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Afrika tunao kwa wingi. Moyo unatanuka, unalegea, unashindwa kusukuma damu. Mama hawezi kulala chali, anaegemea ukuta usiku kucha huku anakohoa. Miguu imejaa: ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu kisha ukaachia, shimo linabaki pale pale. Watu wa nyumbani wanasema mzazi lazima avimbe, mtoto anamchosha, atazoea. Hazoei! Akiwahiwa dawa, wengi hupata nafuu. Akicheleweshwa, kichanga kinabaki yatima.

Mwingine alipokuwa mtoto aliugua koo, hakupewa penisilini, na homa iliyofuata ikaacha kovu kwenye vali za moyo. Amekua nalo bila kujua. Akishika mimba, damu mwilini inaongezeka karibu nusu, na vali iliyobana haiwezi kuupitisha mzigo huo. Akianza kuhema, mama mkwe anasema anadeka.

Sasa tazameni kliniki ya mama na mtoto. Mama aliyejifungua anakuja kila mwezi. Mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, kadi inajazwa, anachomwa chanjo. Mama amesimama hapo hapo, anahema, kanga imemkaza miguu. Nani amemgusa? Baada ya wiki ya sita mwili wake haumhusu mtu tena, wakati ugonjwa ule wa misuli ya moyo una miezi mitano ya kumvizia. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba uwezekano wake wa kuugua moyo baadaye huwa takriban mara mbili, naye anaruhusiwa na neno moja tu: hongera. Tunamfuatilia mtoto kwa gramu, tunamsahau aliyembeba.

Nisiambiwe habari ya umaskini. Kipimo cha presha ni mkanda na pampu. Kuufunga mkono wa mama wakati mwanawe yuko kwenye mizani hakuhitaji mfadhili wala semina hotelini. Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, ina mabingwa wake. Lakini bingwa atamtibu nani, kama barua ya rufaa haikuandikwa huku chini?

Kwa hiyo waganga wafawidhi, wekeni mashine ya presha kando ya mizani ya watoto, na mama apimwe kila anapokuja. Tabibu, usiandike mawazo wala gesi kabla hujausikiliza moyo. Waume, mkeo akishindwa kulala chali au akibanwa kifua huku jasho linamtoka, tafuta usafiri wa hospitali usiku huo huo, usingoje kikao cha ukoo. Na ninyi akina mama, acheni kuomba radhi kwa kuumwa. Ukiambiwa ni uchovu, dai upimwe presha na moyo, na usitoke chumbani mpaka majibu yameandikwa kwenye daftari lako.

Diwani naye atapita kuomba kura. Kabla hajapewa kiti, muulizeni zahanati yetu ina mashine ngapi za presha zinazofanya kazi. Akishindwa kujibu, kura msimpe.