Elfu Mbili ya Nani? Taja Sarafu Kabla Hujapanda Boda Busia na Malaba

Umeshuka kwenye matatu pale Busia, begi mkononi, jua kali. Kabla hujajinyoosha vizuri, vijana wamekuzunguka. "Mama, unavuka? Panda hapa, ni elfu mbili tu." Unapiga hesabu haraka kichwani: elfu mbili ya Uganda ni kama shilingi 70 za kwetu. Sawa. Unapanda.

Mnafika steji upande wa pili, unatoa noti ya 100 na kungoja chenji. Kijana anakuangalia. "Mama, tulisema elfu mbili. Ya Kenya." Unabisha. Wenzake wanasogea. Gari la Kampala linapiga honi. Mwishowe unatoa 500 ili uondoke, na anakubali haraka sana. Unapanda gari ukijipongeza kwamba umeokoa 1,500. Kumbe umepoteza zaidi ya 400.

Hivyo ndivyo mchezo huu unavyochezwa. Hakuna aliyetarajia utoe elfu mbili. Ile bei ya ajabu inatajwa ili 500 ionekane nafuu.

Maoni yetu ni haya: bei isiyo na jina la sarafu si bei. Nchi zote mbili zinaita pesa yake shilingi, na wizi mwingi wa nauli mpakani unaanzia hapo. Basi uliza, tena kwa sauti: "Ni ya Kenya au ya Uganda? Ni mimi peke yangu au pamoja na mzigo? Unanifikisha wapi?" Akishajibu, rudia jibu lake wengine wakisikia. Ukitaka kubadilisha haraka kichwani, na kiwango kikiwa karibu 28 kwa 1, chukua bei ya Uganda, toa sufuri moja, gawa kwa tatu. Elfu sita inakuwa mia sita, halafu mia mbili. Si hesabu ya benki, lakini inatosha kujua kama unaonewa.

Kuna neno lingine linalowaponza Wakenya: teksi. Kwetu teksi ni gari dogo la kukodi. Uganda, teksi ni kile tunachoita matatu, na gari la kukodi peke yako ni spesheli. Sasa ukisema Malaba kwamba unataka teksi ya kwenda Tororo, dereva mwaminifu atakuonyesha matatu. Asiye mwaminifu atakufungulia mlango wa spesheli, umekaa peke yako, na mkifika anadai nauli ya gari zima. Uliza mapema: "Hii ni ya kujaza watu au ni spesheli?"

Halafu kuna pesa ya muhuri. Mtu anakwambia ofisini kuna foleni, mpe kitambulisho na mia tano akusaidie, au anajua njia ya panya. Kataa. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha kitaifa, na hakuna ada ya viza. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi 2018 ili maafisa wa nchi zote mbili wakuhudumie mahali pamoja. Nenda mwenyewe kwa miguu yako. Ukipita njia ya panya, umeingia nchi ya watu bila rekodi, na yule aliyekupitisha anajua huwezi kwenda polisi kumshtaki.

Upande wa simu, tunaomba mambo manne. Lipa baada ya kufika, si kabla. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama si la mtu aliye mbele yako, uliza ni la nani. Usimpe mtu simu yako "akusaidie kutuma", hata kama mtandao unasumbua. Na kumbuka mpakani simu inaweza kujishikia mtandao wa upande wa pili bila wewe kujua, kwa hiyo weka noti ndogo mfukoni za sarafu zote mbili. Ukikosa chenji, mwenye boda ndiye anayepanga bei.

Lakini hatutaki kumaliza kana kwamba wanaboda wote ni matapeli. Jina lenyewe boda boda lilizaliwa hapa hapa, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Wengi bado wanakula jasho lao. Na wao pia wanaibiwa: abiria anaonyesha ujumbe bandia kwamba ametuma, au anatuma kweli, anashuka, halafu anaomba pesa irudishwe akidai alikosea namba. Huo ni wizi, hata kama nauli ni shilingi hamsini. Mwanaboda, usiangalie simu ya abiria. Angalia salio lako.

Na sisi kampuni za malipo tusijifiche nyuma ya neno "kuwa macho". Mteja anayetuma pesa kuvuka mpaka anastahili kuona, kabla ya kuthibitisha, kiasi kwa sarafu zote mbili, kiwango kilichotumika na makato. Akigundua baadaye, sisi tuna tofauti gani na yule wa elfu mbili? Serikali za kaunti na wilaya nazo zinaweza kufanya jambo dogo sana: ubao wa nauli pale kituoni, Busia na Malaba, wenye bei mbili, ya Kenya na ya Uganda. Mbao na rangi, basi.

Hadi siku ubao huo utakaposimama, ubao ni mdomo wako. Mama wa mitumba anayevuka kila wiki, mgonjwa anayeenda hospitali Tororo, mwanafunzi anayerudi Kampala, wote 400 ni chakula cha siku. Usiione aibu kuuliza. Anayekasirika ukimuuliza "shilingi ya nani?" amekwisha kukujibu. Tafuta boda nyingine.