MSEMAJI SI PAZIA

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wahenga hawakukusudia homa peke yake. Methali hiyo inazihusu pia ofisi za umma.

Tumeikumbuka tulipotafakari maisha ya Joaquín Navarro-Valls, Mhispania aliyekuwa msemaji wa Vatikani, makao makuu ya Kanisa Katoliki, kuanzia 1984 hadi 2006. Visiwani kwetu, ambako walio wengi ni Waislamu, huenda msomaji akauliza yatufae nini mambo ya msemaji wa Papa. Jibu letu ni kwamba funzo jema haliulizwi dini yake.

Bwana huyo, aliyezaliwa Cartagena mwaka 1936 na kufariki Rome mwaka 2017, alikuwa tabibu wa maradhi ya akili kabla ya kushika kalamu. Akawa mwakilishi wa gazeti la ABC la Madrid huko Rome, na waandishi wa kigeni nchini Italia wakamchagua kuongoza chama chao. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomwita hakumtoa katika upadri. Alikuwa mlei, mwanachama wa Opus Dei, na bado akakabidhiwa kulisemea Kanisa mbele ya walimwengu.

Nguvu yake ilitokana na kuwa karibu na mkubwa wake. Mwaka 1997 alikwenda Havana kutayarisha ziara ya Papa, akazungumza kwa saa nyingi na Rais Fidel Castro. Krismasi, iliyofutwa katika siku za mapumziko za Kuba tangu 1969, ikapumzikwa mwaka ule ule. Na Januari 1998 Papa akapokewa kisiwani humo. Chama cha kikomunisti na Kanisa vilisikilizana, kwa kuwa mjumbe alijulikana kuwa anasema kwa idhini ya aliyemtuma.

Hata hivyo hakuwa malaika. Mwaka 1996 alizitaja dalili za maradhi ya Papa kwa lugha ya kitabibu, lakini jina la Parkinson lilichelewa miaka kuthibitishwa rasmi, na uvumi ukaijaza nafasi hiyo. Aprili 2005, Papa alipokuwa mahututi, habari zilitolewa waziwazi. Na msemaji alipoulizwa hisia zake mwenyewe, machozi yalimlengalenga mbele ya waandishi. Hatuoni aibu katika machozi hayo. Aibu ingekuwa katika uongo.

Sasa tujitazame sisi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Katika msiba kama huo, au meli inapochelewa, au kipindupindu kinapozuka, mwananchi huuliza mambo mawili tu: kumetokea nini, na kutakwisha lini? Msemaji asiyeingizwa kikaoni hawezi kumjibu. Hubaki kuwa pazia la kuficha mlango uliofungwa.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wa serikali: wateueni wanaoijua kazi, waingizeni vikaoni, na waruhusuni kusema "hilo bado hatulijui" pale lisipojulikana. Chuoni tulifundishwa kwamba haki husemwa ijapokuwa chungu. Aliyeambiwa kweli chungu husubiri. Aliyenyimwa habari hujitungia yake, na hiyo haina wa kuikanusha.