Abiria na simu ya dereva

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia ujumbe kwa sekunde 5 tu, abiria wake wamepita mita 110, urefu wa uwanja wa mpira, bila mtu wa kuangalia barabara. Visikilizio navyo havisaidii sana: mikono iko kwenye usukani, akili imeshahamia kwenye maongezi.

Abiria wengi hunyamaza, huku simu ya dereva imebanwa kati ya bega na sikio na mkono mmoja ukibadili gia. Anayesema peke yake huambiwa ashuke akanunue gari lake. Afadhali aanze na kondakta, kwa sauti inayofika viti vya nyuma. Wenzake wakidakia, simu hurudi mfukoni.