Nani Aliua Gari la Umeme? Muulize Aliyeshika Mkataba



Dokumentari ya Chris Paine, "Who Killed the Electric Car?", ilitoka 2006 lakini bado inagombanisha watu. Likizo hii tumeiangalia na vijana wenzangu hapa Inyonga, na ubishi ulikwenda mpaka laptop ikazima chaji. Maoni yalikuwa ya aina tatu. Wa kwanza: "Makampuni ya mafuta ndiyo wauaji, kesi imeisha." Wa pili: "Hayo mambo ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini?" Wa tatu: "Sasa ni zamu yetu, nikeli tunayo, tutatajirika." Mimi nasema wote watatu wameona nusu ya filamu.

Kwanza kilichotokea. Mwaka 1990 jimbo la California liliweka kanuni kwamba kampuni kubwa za magari lazima ziuze pia magari yasiyotoa moshi kabisa: asilimia 2 ifikapo 1998, asilimia 10 ifikapo 2003. General Motors wakaja na EV1 mwaka 1996, wakatengeneza kama 1,100 hivi. Waliolipata walilipenda kweli. Lakini kanuni ikapigwa vita mpaka mahakamani, ikalegezwa, na kampuni ikayakusanya magari yake. Mengi yakaenda kusagwa.

Filamu inaendeshwa kama kesi. Washtakiwa ni wateja, betri, kampuni za mafuta, kampuni za magari, serikali, bodi ya hewa ya California na teknolojia ya haidrojeni. Hukumu: wote wana hatia isipokuwa betri. Kwa hiyo ndugu zangu wa kundi la kwanza, mafuta yamo, ila hayakuwa peke yake. Bodi iliyotunga kanuni nayo ilitiwa hatiani.

Sasa kuna kitu ambacho wengi wanakipita haraka. EV1 haikuuzwa, ilikodishwa. Mwishoni waendeshaji walijitolea kulipa karibu dola milioni 1.9 kununua magari 78 yaliyokuwa yamebaki kwenye uwanja mmoja kule Burbank. Wakakataliwa. Walikesha nje ya geti, wengine wakakamatwa, magari yakaondoka vilevile. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ilisema gari ni la kampuni. Kukaa na kitu siyo kukimiliki. Hilo ndilo somo, na ni somo la mikataba kabla ya kuwa la injini.

Kundi la pili, hebu tuongee kama watu wa Katavi. Ni kweli, kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunawasha taa kwa majenereta ya dizeli. Gari la umeme hapa lingekuwa linakunywa dizeli kupitia waya! Lakini EV1 za mwanzo zilitumia betri za risasi. Na reli ya Kaliua hadi Mpanda unadhani ililetwa na nini? Mkoloni aliileta mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Kufikia 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Risasi iliondoka, reli ikabaki. Hakuna babu wa Mpanda aliyeulizwa masharti. Kwa hiyo usiniambie biashara hii haituhusu. Sisi tuko mwanzoni mwa mnyororo wake, kule kunakochimbwa.

Kundi la tatu ndilo linanipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ndilo linalopigiwa makofi majukwaani. Nikeli ipo, Kabanga, wilayani Ngara. Kinywe kipo Mahenge na Ruangwa. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano ya mradi wa Kabanga, ikapata asilimia 16 ndani ya Tembo Nickel. Hiyo 16 ndiyo kiwango cha chini kwenye Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017. Ni hatua, sikatai. Lakini kuwa na madini hakumaanishi kuwa na utajiri. Kongo wanatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Nenda Kolwezi ukaulize mtaani wametajirika kiasi gani. Halafu bei ya nikeli iliporomoka vibaya 2023, na betri nyingi za magari siku hizi hazina nikeli kabisa, zinatumia chuma na fosfeti.

Na sisi tuna kumbukumbu. Mwaka 2017 wakati wa sakata la makinikia, kampuni ilidaiwa kodi ya dola bilioni 190, mtaani watu wakaanza kupiga hesabu ya Noah moja kwa kila Mtanzania. Mwaka 2020 yakasainiwa makubaliano, malipo dola milioni 300. Noah mmeziona?

Sasa sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika uziduaji ya 2015 kinamtaka Waziri ahakikishe mikataba na leseni zinawekwa wazi. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Nitalindaje kitu ambacho sijasoma? Sheria ya 2017 inataka mikataba ya maliasili ipelekwe Bungeni, lakini Bunge ambalo karibu wote ni chama kimoja linamuuliza nani?

Watasema mikataba ina siri za biashara. Sawa. Mmiliki mkubwa wa mradi wa Kabanga, Lifezone Metals, yuko kwenye soko la hisa la New York tangu 2023, na soko lile linamlazimisha kuwaeleza wawekezaji hali ya mradi. Mwenye hisa New York apewe maandishi, mwanakijiji wa Ngara apewe hotuba?

Kazi yetu hii hapa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua Wizara ya Madini, uliza mambo matatu: nikeli itasafishwa wapi, kampuni ikiuza hisa zake au bei ikianguka nini kinatokea, na waliohamishwa wanalipwa kwa kipimo gani. Andika kwa jina lako kama raia, siyo la chama, wasipate kisingizio. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 30 zikipita kimya, tuleteeni hizo nakala. Hapo ndipo kazi ya sisi wa sheria inapoanza.